Mpaka Ng'ambo Zote Mbili Zikubali

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na baba ambaye hatukuruhusiwa kumlilia. Watoto wenzangu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, wengine baba zao walikuwa wamekufa, wengine walibaki Kongo, wengine walikuwa nao nyumbani, wamekaa mlangoni na redio mapajani. Wangu hakuwa katika fungu lolote. Alipotea siku vita vilipoingia mjini kwetu, Kamanyola, mimi nikiwa bado mtoto wa kubebwa safari ikiwa ndefu. Tangu siku hiyo Koko, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikataza neno "marehemu" lisitajwe karibu na jina la mwanawe Mushagalusa.

"Mutu wa mupaka hawezi kufa," alituambia, "mpaka ng'ambo zote mbili zikubali."

Sasa mimi ni mtu mzima, nakaa Chinsapo, Lilongwe, na nauza vitenge Old Town. Wanangu wanazungumza Chichewa wakicheza na Kiswahili wakiomba chakula. Kwao Kamanyola ni jina tu. Kwangu pia lingekuwa jina tu, kama si Koko. Mji ule niliupokea kutoka mdomoni mwake, tukichambua maharage mbele ya nyumba yetu ya udongo.

Uko bondeni, alisema, mahali pa joto na vumbi. Kwa juu kuna barabara ya Ngomo inayopanda mlima kwenda Bukavu, kona juu ya kona, malori yakikoroma kama wagonjwa. Upande wa mashariki kuna mto Ruzizi, na daraja. Ukivuka daraja umeingia Bugarama, nchi ya Rwanda. Ukishuka kidogo na maji, ng'ambo ileile imekuwa Burundi. Jogoo mmoja akiwika, nchi tatu zinaamka. Kina mama walivuka asubuhi na mabeseni ya nyanya, mchana wakarudi na mchele, na hakuna aliyeona kwamba ametoka nje ya nchi. Wafuliru, Washi, Wanyarwanda na Warundi walikuwa wameoana hata ukitaka kumtukana mtu kabila lake, lazima kwanza uhakikishe shemeji yako hayupo karibu.

"Mu soko unaanza kuongea na luga moja, unamaliza na ingine," Koko alisema. "Hakuna mutu anakuuliza."

Lakini mji ule ulikuwa mlango, na mlangoni ndipo watu wanapokanyaga. Kila jeshi lililotaka kuingia au kutoka lilipita pale. Kuna miaka Warundi walikimbilia kwetu na magodoro kichwani. Kuna miaka sisi ndio tuliokimbia. Watu walizoea kupotezana, na kwa sababu walizoea, waliweka desturi. Mtu akipotea, ndugu zake hawakai matanga. Mmoja anauliza ng'ambo hii, mmoja anavuka kuuliza ng'ambo ile. Pande zote mbili zikishakubali kwamba mtu huyo si wa kungojwa tena, ndipo watu wanalia. Anayeliliwa kabla ya hapo, roho yake hubaki katikati ya maji, haijui ishukie upande gani, na upepo wake huwafuata waliomlilia.

Sijui kama watu wote wa Kamanyola waliamini hivyo, au ni ukoo wa Koko tu. Nimewahi kukutana na watu wa huko sokoni. Mmoja alicheka. Mwingine, mama wa makamo, aliacha kuchagua kitenge akaniuliza nani alinifundisha maneno hayo.

Mama yangu hakuyapenda. Yeye alikuwa mtu wa Bukavu, amesoma, anaimba kwaya. Kwake hayo yalikuwa mambo ya kipagani ambayo Koko aliyabeba kutoka bondeni wakati wengine walibeba masufuria. Hata hivyo aliyavumilia, kwa sababu Koko ndiye aliyenibeba mgongoni njia yote, Uvira, Tanzania, mpaka Malawi, wakati mama mwenyewe alikuwa na homa na haoni mbele.

Mambo yaliharibika Deo alipokuja kuposa.

Deo alikuwa fundi cherehani, mjane kutoka Bukavu, mtu wa maneno machache. Alikuwa akishona sare za kwaya chini ya turubai karibu na soko la kambi, na kila nikipita alinipa vipande vya vitambaa nishonee wanasesere. Watoto wa Malawi walioleta nyanya sokoni walikuwa wakiniita Nsima, yaani ugali kwa lugha yao, kwa sababu jina langu ni Nsimire, na Deo peke yake ndiye aliyewakaripia. Nilimpenda. Mama naye alimpenda, ingawa wakati huo sikujua kwamba watu wazima nao wanapenda. Lakini ungemwoaje mwanamke ambaye mumewe hayuko hai wala hajafa?

Pasteri alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti chetu cha pekee. Akasema miaka imepita mingi, Mungu anajua aliko Mushagalusa, tufanye ibada ya maombolezo ili familia ipumzike.

Koko alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Mama Nsimire," alisema, "sikukatazi kuolewa. Deo ni mutu muzuri. Ninakukataza kulia mutu wenye hatujamuuliza."

"Koko, tutamuuliza wapi? Ruzizi iko wapi hapa?"

"Mukilia, upepo utakuja."

"Basi ukuje," mama alisema.

Ibada ilifanywa mwezi wa kumi, wakati ardhi ya Dzaleka imekauka na hewa imejaa vumbi jekundu. Turubai lilifungwa kwenye miti, majirani wakaleta maharage na mchele, kwaya ikaja na sare zilizoshonwa na Deo. Koko alikaa nyumbani, mlango wazi, akitazama. Mimi niliketi mbele na mama. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo wa pili niliposikia sauti kama ya mtu anayeburuta mabati. Kutoka upande wa barabara ilikuja kamvuluvulu, ile chamchela ya vumbi ambayo Wamalawi huipisha njia. Ilikuja moja kwa moja. Ilinyanyua turubai, ikang'oa mti mmoja, ikamwaga vumbi kwenye sufuria ya mchele, ikavua vilemba vya wanakwaya, kisha ikaenda zake uwanjani na kufia huko.

Najua, na hata wakati ule nilijua, kwamba mwezi wa kumi kamvuluvulu hupita Dzaleka karibu kila mchana. Lakini mbona ilipita pale? Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, wakitema mchanga. Hakuna aliyekula. Pasteri alifunga Biblia yake akasema tutaendelea siku nyingine, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka siku nyingine ifike.

Mama alirudi nyumbani amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilidhani angelia. Hakulia. Alisimama mbele ya Koko.

"Sawa," alisema. "Kama ng'ambo njo inatakiwa, uende uiulize. Mi sitakaa hapa mpaka nizeeke, niko muke ya maji."

Nilikuwa nimeshazoea kumwona Koko akikataa mambo. Siku ile kwa mara ya kwanza nilimwona akiamua.

"Nitaenda," alisema.

"Utaenda wapi? Kongo?"

"Barundi si ng'ambo? Si banajaa hapa?"

Warundi walikuwa tele, hilo kila mtu alilijua. Lakini watu wetu hawakuwaendea. Tuliteka maji bomba moja, tulipanga foleni moja, na tulisalimiana kwa kichwa. Wazee wetu walisema askari walioingia Kamanyola walitoka kwao. Wazee wao nadhani walisema vilevile juu yetu.

"Bale njo balituua," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Nani aliua mutoto ya nani, mi sijui," Koko akajibu. "Mi natafuta mwenye aliona."

Nikasema mimi pia naenda. Mama alikataa, Koko akakataa. Nikawaambia ni baba yangu, si baba yao, na kama ni kuuliza nitauliza mwenyewe. Sijui nilipata wapi kinywa cha kusema vile. Pengine nilichoka kuwa mtoto wa mtu asiyekuwa na fungu.

Basi tukaanza, kila nikitoka shule, tukaenda nyumba kwa nyumba. Koko hakuwa na haraka. Alisalimia kwa Kirundi, "Amahoro," akakaa alipokaribishwa, akauliza habari za watoto na za mahindi. Kisha akauliza kilima walichotoka. Wakisema Gitega, au mahali pengine pa mbali na mto, alishukuru na kunyanyuka. Wakisema Cibitoke, au Rugombo, alivuta kanga yake magotini na kueleza: mwanangu ni Mushagalusa, mwembamba, mrefu, alikuwa akipakia mizigo darajani, siku ile ya vita alirudi kumtafuta mbuzi wake, hatukumwona tena, je, kwenu maji yalileta mtu?

Kijana mmoja alitufukuza. "Unatuita wauaji, mukecuru?" alisema, akimwita bibi kizee kwa Kirundi, na akasimama mlangoni mpaka tulipoondoka. Kesho yake tulianzia nyumba iliyofuata.

Wengine walitaka kujua zaidi. Mzee mmoja aliyetengeneza baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, alimsikiliza Koko mpaka mwisho, akafuta mikono yenye grisi, akasema hapana, hakuona. Kisha naye akauliza. Mdogo wake alikimbilia Kamanyola zamani, mtu mwenye jicho moja. Je, mama, kwenu mlimwona?

Koko alifikiri kwa bidii, macho ameyafumba. Nilimwona akipita mtaa kwa mtaa kichwani mwake, soko, kanisa, daraja.

"Hapana, baba," alisema mwishowe. "Kwetu hakufika. Kama alifika, si mahali nilipokuwa mi."

Mzee yule alivua kofia yake, akaishika kifuani. "Zikomo," alishukuru, kama Mmalawi, kwa sababu pengine hakuna neno la kwao lililomtoka.

Tukirudi nyumbani jioni hiyo nilimfikiria yule mwenye jicho moja. Haikuwa imenijia kamwe kwamba sisi nasi tulikuwa ng'ambo ya mtu mwingine.

Mama Nduwayo tulimpata mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Alikuwa akiuza usipa, wale dagaa wa ziwa la Malawi, kwenye mkeka mwishoni mwa soko, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Koko alimweleza kama alivyowaeleza wote. Alipofika kwenye maji, Mama Nduwayo aliacha kupanga dagaa.

"Sisi tulikuwa na shamba ya mchele chini ya Rugombo," alisema. "Bwana yangu na mdogo wake walienda kufungulia maji. Wakamukuta mu matete. Mwanaume, murefu."

Koko alisogea karibu na mkeka.

"Wakaniita. Watu walisema tumwache, ni wa ng'ambo, atatuletea matatizo. Bwana yangu akakataa. Tulimuzika juu ya shamba, pahali maji haifiki. Hatukuwa na sanda. Nilitoa kitenge changu cha harusi." Akasita. "Hakukuwa na kidole kidogo. Si jeraha ya vita. Ilikuwa kovu ya zamani."

Baba yangu hakuwa na kidole kidogo. Mnyororo wa lori ulikikata darajani kabla sijazaliwa. Ni kitu kimoja kati ya vichache ninavyovikumbuka juu yake, ule mkono wa vidole vinne uliponishika nisianguke.

"Mukono gani?" Koko aliuliza.

"Wa kuume."

Katika kumbukumbu yangu ulikuwa mkono wa kushoto. Namwona hata sasa: amekaa kwenye gogo, mimi nimesimama ubavuni mwake, na mkono unaonizunguka kiunoni ni ule ulio upande wa moyo. Niligeuka kumtazama Koko nione atasema nini. Alikuwa ametazama chini, kwenye dagaa. Mvua ndogo ilianza, wachuuzi wakafunika biashara zao, na Mama Nduwayo hakufunika yake.

"Njo yeye," Koko alisema.

Kisha akaishika mikono ya Mama Nduwayo, yote miwili, na harufu yake ya samaki, akaiweka usoni pake. Wanawake wale wawili walilia pale sokoni mbele ya watu. Nami nikalia. Nilikuwa nimengoja kulia muda mrefu kiasi kwamba sikuweza kusimamisha, na Mama Nduwayo akaninyanyua kama mtoto mchanga ingawa nilikuwa msichana mkubwa.

Matanga yalifanyika wiki ileile. Mama hakuamini aliyoyasikia mpaka alipowaona Warundi wakija, wanawake kwa wanaume, Mama Nduwayo mbele na furushi la dagaa kichwani. Majirani zetu waliacha kuongea. Nilimwona Deo akisimama na kuvuta benchi, akalifuta kwa mkono wa shati lake, akalisogeza kwao.

Mama Nduwayo hakukaa. Alimwendea mama.

"Nimetoka ng'ambo," alisema. "Nimekuja kukwambia bwana yako tuko naye."

Mama alikuwa amejizuia miaka yote ile. Alianguka mikononi mwa mwanamke ambaye wiki moja kabla asingemsalimia. Waliimba Kiswahili, wakaimba Kirundi, wakala dagaa na ugali. Pasteri aliomba kwa kifupi, akitazama mbingu mara kwa mara.

Mwaka uliofuata mama aliolewa na Deo, na Koko ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama wa bibi harusi. Nilipomaliza shule nilikuja Lilongwe na vitambaa vya kwanza ambavyo Deo alinipa kama mtaji, nikaanza kwa kuvitandika chini karibu na stendi ya mabasi ya Old Town.

Lile jambo la mkono nililibeba bila kumwambia mtu. Nilikuwa naliacha, kisha linarudi, hasa nikimwona mwanaume amekaa na mtoto ubavuni. Koko alipougua na kuletwa kwangu Chinsapo ili awe karibu na hospitali, nilikuwa mwanamke mwenye mimba na nilijiona nina haki ya kuuliza. Alikuwa ameegemea ukuta nje, juani, nikimsuka nywele zake zilizobaki.

"Koko, kidole cha baba kilikuwa mukono gani?"

Alifumba macho. Nikadhani amelala.

"Uliona siku ile," alisema. "Nilijua uliona."

"Kilikuwa cha kushoto?"

"Nsimire. Ule mama alikuwa alizika mutoto ya mutu. Mi nilikuwa na mutoto, hakuna kaburi. Mama yako alikuwa anakauka. Nikatae, niseme nini? Niseme, ondoa kitenge yako, si wangu?" Alipumua kwa shida. "Na mi niko muzee. Unajuaje kama mi njo nilisahau, ao we njo ulisahau?"

Sikumuuliza tena. Alifariki kabla mtoto wangu hajazaliwa, tukamrudisha Dzaleka kumzika. Mama Nduwayo ndiye aliyemwosha, yeye na mama, mlango umefungwa, na tuliokuwa nje tulisikia wakibishana kwa upole juu ya nguo ya kumvisha.

Mama yu hai. Bila shaka anakumbuka mkono wa mume wake; ningeweza kumpigia simu leo jioni na kumaliza ubishi. Sitampigia. Wakati fulani nilifikiri Koko alituongopea, na nikamkasirikia ndani kwa ndani. Baadaye nilifikiri imani yake ilimshinda mwenyewe, kwamba alitafuta jibu mpaka akalichukua lolote. Siku hizi siwazi hivyo. Naona mwanamke aliyekataa miaka mingi kulia kwa kubahatisha, akagonga milango ya watu aliowaogopa, na alipofika mwisho akakuta si hakika bali mtu aliyemtendea mema maiti wa jirani. Akaona inatosha. Alipima yeye, mama wa mtu aliyepotea, na sioni nani mwingine angeweza kumpimia.

Kama baba yangu yuko mahali pengine kando ya mto ule, naomba huko nako kulikuwa na mtu aliyesema tusimwache. Na yule aliyelala juu ya shamba la mchele chini ya Rugombo, nimeshamlilia machozi yangu yote ya mtoto kwa baba. Siyarudishi. Wanangu wakiniuliza babu yao yuko wapi, ninawaonyesha kaskazini, nawaambia amezikwa Burundi, na nawatajia jina la familia iliyomzika.